Kopo la Mbaazi na Oili ya Mashine

Ami yangu ana mashine ya boti ya nguvu za farasi 15, ile tustroki ya kuchanganya oili na petroli, na oili anaitia kwa sikio. Naapa, kwa sikio. Anaweka dumu la lita 20 la petroli kwenye mchanga, anainamisha chupa ya oili, anageuza kichwa upande kama anayesikiliza redio ya jirani, halafu anasema, "Basi." Kipimo cha mashine kama yake ni oili moja kwa petroli hamsini, yaani mililita 400 kwa dumu zima. Siku moja nilimvizia na chupa ya dawa ya kikohozi ya mtoto, ile yenye mistari ya vipimo, nikampimia. Alikuwa amezidisha kidogo. Nikamwambia. Akanambia, "Hiyo iliyozidi ni sadaka."

Sasa mimi ni mtu wa kusoma. Nilipopata pesa za kununua mashine yangu ya boti, nikanunua fostroki, imetumika lakini safi, tena imekuja na kitabu chake. Nilimwita Ami kuja kuiona. Nikamweleza kwamba hii petroli huingia peke yake na oili ina nyumba yake chini, inazunguka na kurudi, haiungui.

"Na ikizeeka?"

"Inamwagwa, natia mpya."

Akafikiri. "Kwa hiyo wewe wanunua oili ya kumwaga."

Sikumjibu. Nilijua siku moja ataelewa.

Kuchagua oili kulinichukua siku tatu, na mke wangu anasema nilichagua yeye kwa muda mfupi zaidi. Dukani palikuwa na oili ya lori, ya pikipiki, ya jenereta, na chupa moja ya rangi ya bluu ambayo muuza duka alisema ni "ya kila kitu". Nikamuuliza hizi namba, 20W-50, 10W-30, maana yake nini. Akasema W ni ya maji, kwa hivyo zote zafaa boti. Nikampinga palepale, maana nilikuwa nimesoma: hiyo W ni "winter", majira ya baridi. Namba ya mbele inaeleza oili inavyotiririka mashine ikiwa baridi, na ya nyuma inaeleza uzito wake mashine ikishapata moto. Akaniangalia, akaangalia nje, jua la Februari limepiga barabara ya pwani mpaka punda wamejificha vichochoroni.

"Winter ya wapi, Lamu hini?"

Kweli, baridi yetu ni kusi ya mwezi wa saba, wazee wanapovaa makoti barazani na kipimajoto kinasoma nyuzi ishirini na kitu. Lakini kitabu kilitaka 10W-30, tena yenye alama FC-W, ya fostroki za majini, kwa sababu ina dawa ya kuzuia kutu, na chumvi yetu hula chuma kama mtoto anavyokula kashata. Na hiyo W ya FC-W, nikaja kugundua usiku kwa aibu, ndiyo ya maji hasa. Kwa hiyo muuza duka alishinda nusu na mimi nikashinda nusu, ila sikurudi kumwambia. Nikaagiza chupa zangu Mombasa, zikaja na basi hadi Mokowe, gati ya upande wa bara.

Tatizo la pili likawa lini nitaibadilisha. Mwenye gari anatazama kilomita zake. Boti haina kilomita. Kitabu kinahesabu saa: mara ya kwanza baada ya saa 20, kisha kila saa 100 au kila mwaka, lolote litakalotangulia. Mwaka sikuuogopa sana (ingawa nilijiuliza ni mwaka gani, wa Kizungu au wa kwetu, maana vinapishana siku kumi na moja na mashine niliinunua wiki mbili kabla ya Maulidi). Saa ndizo zilizonisumbua. Mashine yangu haina kidude cha kuhesabu. Nikaanza kuandika kwenye daftari, daftari likalowa. Nikaandika kwa chaki kwenye ukuta wa ua, mvua ya masika ikasoma yote kabla yangu.

Ndipo nikapata wazo ambalo hadi leo naliona zuri, tatizo lilikuwa utekelezaji. Nilichukua kopo la maziwa ya unga, nikaliosha, nikaliweka kwenye kidaka cha jikoni. Kila saa moja ya mashine, mbaazi moja kopoini. Kwenda Mokowe na kurudi, kwa mwendo wangu na abiria wangu, nilihesabu saa moja: mbaazi moja. Kwenda Shela, kijiji jirani, na kurudi ni nusu saa, basi naimenya mbaazi kwa meno, naipasua, natia kipande kimoja na kingine nakitunza mfukoni hadi safari ijayo ya Shela. Watoto walidhani nimepagawa. Lakini ilikwenda sawa miezi na miezi, na kila jioni natikisa kopo, nasikia mlio, najua mashine yangu iko wapi katika maisha yake. Mara ya mwisho kuzihesabu zilikuwa hamsini na kitu. Baada ya hapo nikawa natia tu, nikingoja zifike mia.

Asubuhi moja nilikunywa chai kwa mbaazi za nazi na mahamri. Mbaazi zilikuwa nzuri mno. Tui zito, pilipili moja nzima juu. Nilikula sahani, nikaomba nyingine, nikamsifu mke wangu mpaka akaona haya. Nikaosha mikono nikaenda kidakani kutia mbaazi ya jana.

Kopo lilikuwa safi. Limeoshwa. Limeanikwa kinywa chini.

"Mama watoto, kopo langu la mbaazi..."

"Ndiyo hizo ulokula."

"Zile zilikuwa saa!"

Alisimama na upawa mkononi. "Kopo la mbaazi, ndani mna mbaazi. Mimi nifikirie nini? Nimeongezea nusu kilo za dukani, nikaloweka usiku."

Sikuwa na hoja. Ningesema nini? Nilikaa kwenye kiti nikiisikia miezi yangu yote ikishuka taratibu tumboni.

Nikakumbuka ipo njia nyingine, stiki ya oili. Nikashuka pwani mbio. Maji yalikuwa yamekupwa hasa, ni siku za bamvua, na boti yangu imelala kwenye tope kwa ubavu kama mzee baada ya pilau. Mashine imeinuliwa, kama kawaida ya boti ikiwa kavu, rafadha juu angani. Nikafungua kifuniko, nikachomoa stiki, nikaifuta kwa shati, nikaichovya tena, nikaitoa.

Kavu. Ina unyevu kidogo kwenye ncha tu, kama mswaki uliosahauliwa dirishani. Alama mbili za chini na juu, ambapo oili inatakiwa isimame katikati, zilikuwa zinang'aa.

Moyo ukanipasuka. Nilijua sasa: saa mia zilishapita zamani, oili imekwisha, na mimi nimekuwa nikiua mashine huku natafuna mbaazi. Na alasiri ile nilikuwa nimeahidi kuwapeleka mashangazi arusini Shela. Nikaenda nyumbani, nikachukua chupa ya akiba, lita nzima, nikaimimina yote. Chombo cha oili cha mashine yenyewe hakifiki lita mbili. Nilipomaliza nilihisi kama daktari.

Kitabu, kwa taarifa yenu, kimeandika kwa herufi nene kwamba oili hupimwa mashine ikiwa wima, imezimwa, imetulia dakika kadhaa ili oili yote ishuke chini. Ikiwa imeinuliwa, oili hukimbilia upande mwingine na stiki haiioni. Nilikuwa nimeusoma ukurasa huo. Niliupigia hata mstari.

Saa tisa maji yamejaa. Mashangazi wanane wakateremka gatini, na mabuibui yao, na masinia mawili yaliyofunikwa kwa leso, na harufu ya udi iliyotangulia mbele yao hatua kumi. Walikuwa wamejifukiza tangu adhuhuri, nywele na nguo, asumini kifuani. Niliwapandisha mmoja mmoja kwa heshima. Nikateremsha mashine majini, nikavuta kamba. Ikawaka mvuto wa kwanza. Nikatabasamu.

Mbele ya msikiti wa kwanza moshi ulikuwa mwembamba, wa bluu, nikasema ni ubaridi. Tulipokaribia mwisho wa mji ulikuwa hauna jina. Oili iliyozidi ilikuwa inachapwa ndani huko kama ute wa yai, inapanda kwenye bomba la kupumulia, inaingia kwenye njia ya hewa na kuungua pamoja na petroli. Upepo ulikuwa nyuma yetu, kwa hiyo moshi ulitembea nasi, mwendo mmoja, kama ndugu. UNESCO iliutia mji huu katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, na mimi alasiri ile niliufukiza wote, maghorofa na milango yake ya nakshi, bila chetezo. Watu barazani walisimama. Mtu mmoja alipiga kelele niruke.

Shangazi mkubwa alikuwa amejiziba pua kwa ncha ya buibui. Alinigeukia polepole.

"Mwanangu, hini ni boti au ni jiko?"

Kabla sijajibu mashine ilikohoa mara tatu, ikatema, ikanyamaza. Nikavuta kamba. Nikavuta. Nilipotoa plagi ilikuwa nyeusi, imelowa, inadondoka. Mkondo ukaanza kutupeleka taratibu upande wa kisiwa cha Manda, na ndani ya kimya kile nikawasikia mashangazi wananong'ona na kunusana mikono. Mmoja akasema anadhani udi umebaki kidogo nyuma ya sikio.

Nilimpigia simu mtu mmoja tu, na mnamjua.

Alikuja na tustroki yake, moshi wake mwembamba ukimfuata nyuma kwa adabu. Alituzunguka mara moja bila kusema neno, kama anayenunua mbuzi. Akanusa hewa. Akatazama plagi mkononi mwangu, akatazama maji nyuma ya boti yalivyokuwa na rangi rangi za upinde wa mvua.

"Kumbe na hii ni ya kuchanganya," akasema. "Mbona ulinificha?"

Akatupa kamba. Mashangazi wote wanane walihamia kwake, pamoja na masinia, na mimi nikakokotwa peke yangu hadi Shela, nimekaa katikati ya boti nikitazama mbele. Arusini, nimeambiwa, kila walipopita watu waliulizana kama kuna jenereta karibu.

Kesho yake fundi alikuja. Kwanza aliisimamisha mashine wima, akakaa chini, akawasha sigara. Nikamuuliza angoja nini. Akasema anangoja oili ishuke. Alipoimaliza sigara akachomoa stiki, akaifuta, akaichovya, akanionyesha: oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa urefu wa kucha ya kidole gumba na zaidi. Akachukua bomba na mpira, akaanza kunyonya ziada, inaingia kwenye chupa ya soda. Akapaka tone kati ya vidole viwili, akalisugua, akalinusa. Nikasema ni nyeusi sana, nimeiua mashine. Akasema nyeusi si dhambi, kazi ya oili ni kubeba uchafu. Angeona rangi ya chai ya maziwa, hapo ndipo angenipa pole, maana maji yangekuwa yameingia. Hii ni uzee tu. Afadhali tuimwage yote, atie mpya, na plagi mpya, tuanze upya.

Akatoa kalamu ya wino mzito kuandika tarehe ndani ya kifuniko. Akanigeukia.

"Hii ya zamani, ilikuwa imefanya kazi saa ngapi?"

Ami alikuwa amekaa ukingoni na kikombe chake cha kahawa. Nikajaribu kuhesabu kimoyomoyo, nikashindwa.

"Sahani mbili," nikasema.

Fundi akaandika.