Timu Moja Tu

Pita kijiwe chochote cha bodaboda Jumatatu asubuhi, iwe Mbagala au Msamvu, utasikia kauli ileile: "Timu moja tu imenichania." Msemaji ameufungua mkeka wake wa kubeti mechi za soka kwenye simu, mistari tisa ya kijani na mmoja mwekundu. Mwenzake anamuuliza kwa nini aliiamini timu ile ikiwa ugenini, na baada ya dakika mbili wote wamehamia mechi za katikati ya wiki.

Tumezoea kusema vijana wanabeti kwa uvivu na tamaa. Siamini. Mtu anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi abiria wa soko na kurudi nyumbani saa tano usiku, huwezi kumwita mvivu. Kinachomshika ni hiyo timu moja, na inamshika kwa sababu hakuna aliyemwonyesha inatoka wapi.

Chukua mkeka wa timu kumi, kila moja ina odi ya 1.40, yaani dau huzidishwa kwa 1.40 timu ikishinda, zile wanazoziita za uhakika. Timu ya namna hiyo hushinda kama mara 7 kati ya 10. Zidisha 0.7 kwa yenyewe hadi zitimie kumi, unabaki na chini kidogo ya 0.03. Yaani katika mikeka 100 ya aina hiyo, itatiki, yaani itashinda yote, kama 3. Sasa piga na hesabu ya pili, ambayo sijawahi kusikia ikipigwa kijiweni: timu tisa zishinde, moja iangushe. Hapo jibu ni 12 kati ya 100. Kwa hiyo anayeweka mkeka wa timu kumi atachaniwa na timu moja mara nne zaidi ya atakavyoshinda, hata kama anaijua soka kama kiganja chake. Akiuweka kila wikiendi mwaka mzima, kwa wastani hilo litamkuta mara sita, na kushinda atashinda mara moja, pengine mbili.

Mara sita hizo yeye anaziona kama dalili kwamba anakaribia, na hilo ndilo linaloniumiza. Mkeka wa Jumamosi ijayo haujui lolote kuhusu mkeka wa Jumamosi iliyopita. Na hata siku ukitiki, shilingi 1,000 yake italeta kama 28,900, wakati malipo ya haki kwa hatari ya namna hiyo yangezidi 35,000.

Wanasaikolojia wameichunguza hali hii ya kukosa padogo kwa muda mrefu. Mwaka 2009 Luke Clark wa Chuo Kikuu cha Cambridge na wenzake walichapisha utafiti ambao watu walipigwa picha za ubongo huku wakicheza mchezo unaofanana na dubwi, ile mashine ya kamari ya kulinganisha picha. Picha zilipokosana kwa hatua moja, wachezaji walisema inauma kuliko kukosa kwa mbali, lakini wakati huohuo wakataka zaidi kuendelea. Ndani ya ubongo, baadhi ya sehemu zinazoamka mtu akishinda fedha ziliamka pia pale alipokosa padogo. Na kuna jambo moja katika utafiti ule ambalo kila mzazi angepaswa kulijua: hamu hiyo iliongezeka pale mchezaji alipojichagulia mwenyewe picha ya kubahatisha. Kompyuta ilipomchagulia, haikuongezeka.

Mkeka, basi, umeumbwa kwa ajili ya akili hiyo. Timu kumi umezichagua wewe, umesoma msimamo wa ligi, umejua nani ni majeruhi. Ukikosa kwa moja, unajiona fundi aliyeteleza kidogo na kazi yake inahitaji kurekebishwa tu. Wenye biashara wanalielewa hili vizuri: zipo kampuni zinazotoa bonasi ndogo kwa aliyekosa timu moja au mbili kwenye jakpoti. Bonasi hiyo inamfikia akiwa katika dakika ile ambayo angeweza kuacha.

Kisha huja kufukuzia hasara. Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha mwaka 1979 kwamba binadamu akiwa kwenye faida huwa mwoga wa hatari, ila akiwa kwenye hasara huifuata. Ukitaka kuliona hilo kwa macho, mtazame kijana wa pikipiki ya mkataba saa mbili usiku. Hesabu ya bosi, yaani fedha anayotakiwa kumpelekea mwenye pikipiki kila siku, ni elfu kumi, na yeye amebaki na elfu tatu. Akipeleka elfu tatu, atatukanwa na kutishiwa kunyang'anywa chombo. Akienda mikono mitupu, atatukanwa vilevile. Kwa mtu aliyesimama hapo, elfu tatu si akiba tena, ni njia pekee ya kuifikia elfu kumi, na mechi inaanza saa nne. Ukimwita mjinga utakuwa hujamwelewa. Kesho yake deni ni elfu ishirini, na simu ile aliyobetia inampa mkopo wa papo hapo. Mwezi ukiisha yuko kwa watu wa kausha damu, wale wa mikopo ya riba kubwa, na pikipiki imerudi kwa mwenyewe.

Wengi hawaanzi na tamaa ya fedha hata kidogo. Wanaanza na mawazo. Kazi imeisha, au mtoto anaumwa, au ndoa imelegea, na zile dakika 90 ndizo pekee ambazo kichwa kinatulia. Huzuni inampeleka mtu kwenye mkeka, hasara inarudisha huzuni kubwa zaidi, na usingizi unakata. Hapo anaanza kuficha simu na kumfokea mkewe kwa jambo dogo. Kwa watu walio katika hali hii fikra za kujiua ni hatari ya kweli, ndiyo maana nakasirika tunapolifanya suala hili kuwa mzaha wa kwenye magrupu.

Mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani waliihamishia kamari inayomshinda mtu kuiacha kwenye kundi la uraibu, pamoja na pombe na dawa za kulevya. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika 2022, nayo imeiweka kwenye kundi la uraibu. Sisi tumeshawahi kujifunza somo la aina hii. Hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, mwaka 2011, na polepole familia nyingi zikamkubali teja kuwa mgonjwa. Anayebeti bado tunamwombea, tunamsimanga kwenye kikao cha ukoo, halafu tunamlipia deni na kumwapisha. Kumsimanga kunamwongezea aibu, na aibu inamrudisha chooni na simu yake. Kumlipia deni lote kimyakimya kunampa mtaji.

Kinachosaidia ni cha kuchosha zaidi. Mtu anayemwamini ashike fedha zake kwa muda. Akaunti ya kubetia aiombee kufungwa mwenyewe, huku mwenzake ameketi naye. Madeni yaandikwe yote kwenye karatasi moja bila kufokeana, kisha aonane na mtaalamu wa afya ya akili ambaye atazungumza naye kuhusu zile hesabu, zile hisia na zile saa za hatari. Kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa kinatosha kuanzia. Si lazima awe "kichaa wa Mirembe", ile hospitali ya akili ya Dodoma, ndipo apelekwe.

Aprili 2025 Kenya ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Nilifurahi, ingawa siku 30 ni chache na tangazo si mahali pabaya kuliko pote. Mahali pabaya ni kwenye kioo cha simu, pale juu ya kitufe cha kuthibitisha dau. Mamlaka zetu za michezo ya kubahatisha, Tanzania, Kenya na Uganda, ziamuru kampuni ziandike pale, kwa maandishi makubwa kama ya ushindi unaotarajiwa: mikeka 97 kati ya 100 ya aina hii huchanika. Kompyuta zao zina namba hiyo kabla mteja hajamaliza kuchagua timu.