Nimelipa Nauli Kwenda Kuwa Mpagazi

Marehemu babu yangu alikuwa mchukuzi stesheni ya Tabora. Alibeba mizigo ya watu mchana kutwa, jioni akalipwa. Mimi mjukuu wake, niliyesoma, ninayeishi Ohio na bima ya meno ninayo, nimebeba kilo 14 mgongoni kwa wiki tatu, na aliyelipa ni mimi.

Wazo halikuwa langu. Kazini kwa Mama Kelvin wenzake wakirudi likizo wanaonyeshana picha wamevaa mashanta, wamechafuka, wanacheka. "Baba Kelvin, na sisi twende tukaone magofu ya Wamaya, wale wenyeji wa Meksiko na Guatemala." Nikamwambia magofu hata Kilwa yapo. Kaole yapo, tena ukitoka pale unapita Bagamoyo unakula samaki wa kukaanga. Akaniangalia tu. Wenye ndoa mnalijua lile jicho.

Tukaanzia Meksiko, Chichén Itzá. Piramidi yao kubwa ina ngazi 91 kila upande, pande nne. Ongeza na ile ya juu kabisa, unapata 365, siku za mwaka mzima. Imezungushiwa kamba, kupanda marufuku. Sijawahi kuipenda kamba kama ile. Watu husimama mbele yake wakapiga makofi, na mwangwi unarudi kama mlio wa quetzal, ndege wao wa heshima. Mama Kelvin akapiga, ndege akaitika. Nikapiga mimi, nikarudishiwa makofi yangu.

Belize nilipumua. Kiingereza kinasemwa, na wali wanaupika pamoja na maharage kwa tui la nazi. Nikaomba tubaki pale pale hadi likizo iishe. Nikaambiwa hatukuja kula.

Basi tukaingia Guatemala, kwenye mji wa kale wa Tikal, na huko hakuna kamba ya kukuokoa. Kuona jua likichomoza juu ya hekalu kuna tiketi yake ya peke yake, na unaamshwa saa tisa usiku. Saa tisa! Nyumbani akikuamsha mtu saa hiyo ujue kuna msiba. Tukatembea msituni na tochi hadi Hekalu la Nne, ambalo lina urefu wa zaidi ya mita 60 na lilijengwa karne ya 8. Wamaya hawakuwa na punda wala ng'ombe wa kukokota, na vyombo vyao vya kuchongea vilikuwa vya mawe. Walibeba kila kitu wenyewe. Wataalamu hadi leo wanabishana kwa nini watu wale waliuhama mji wao: huyu anasema ukame, yule anasema vita. Mimi nilipofika katikati ya ngazi, magoti yakiimba, nilipata jibu langu na sihitaji utafiti.

Hapo ndipo msitu uliponguruma.

Sikilizeni, mimi ni mtu wa Tabora. Ngurumo ya simba siyo ya kunisimulia. Nikasema "Simba!" nikageuka, nikashuka ngazi kama kumi hivi kabla sijakumbuka kwamba nimekuja na mke. Mwongozaji alicheka mpaka akaegemea mti. Kumbe ni kima. Kima! Kima wa kule wana mfupa kooni unaokuza sauti, wakiamka alfajiri wanatangaza mipaka yao, unawasikia kilomita kadhaa. Mnyama mwenyewe hafiki hata uzito wa begi langu. Mama Kelvin hakusema kitu, lakini habari ilikuwa imefika kwenye kundi la ukoo kabla hatujafika juu, na mjomba wa Sikonge akawa ameshaniuliza kama nimesalimika.

Juu tukakaa watu kama thelathini, kimya kama tuko ibadani, tukiangalia ukungu. Jua lilichomoza, nakubali, maana palikuwa na mwanga. Wapi hasa lilichomozea, muulizeni aliyetukatia tiketi.

Tukapanda nyanda za juu kwa basi. Haya mabasi ndiyo yaliyonimaliza. Ni yale yale ya njano yanayobeba wanafunzi Marekani: yakichoka yanauzwa, yanaendeshwa hadi Guatemala, yanapakwa rangi za kila namna na kuandikwa majina ya kike. Kiti cha watoto wawili mnakaa watu wazima watatu, na wa tatu anakalia imani. Konda ananing'inia mlangoni, "Guate, Guate, Guate!", ungesema yuko Mbagala. Jirani yangu alipakata kuku, miguuni kwangu kuna gunia. Nikamuuliza mwenzangu: Mama Kelvin, maisha haya si ndiyo tuliyoyakimbia? Akasema hapa ni utalii.

Lakini kilio changu kikubwa ni ugali. Kule ndiko kwao na mahindi, yalianza kulimwa pande hizo maelfu ya miaka kabla hayajafika kwetu. Masimulizi ya Wamaya wa K'iche' yanasema mtu wa kwanza alifinyangwa kwa udongo akayeyuka, miungu wakajaribu mti akakosa moyo, mwishowe wakamuumba kwa unga wa mahindi. Nikajua nimefika kwa ndugu! Basi wakaniletea kichapati chembamba. Asubuhi kichapati, mchana kichapati, usiku kichapati. Mahindi yote yale, hakuna wa kuyasonga!

Siku ya kumi na tisa, hosteli moja karibu na ziwa Atitlán, nikanunua unga dukani nikavamia jiko. Sikujua kwamba mahindi yao huchemshwa kwanza na chokaa ndipo yasagwe. Nikasonga, ukanata. Nikaongeza unga, ukakaza, mwiko ukasimama wenyewe. Jiko zima likanuka kama nyumba iliyopakwa chokaa jana.

Mama mpishi akaja, akatazama ndani ya sufuria, akatazama jasho langu. Akauliza kwa Kihispania, na Mama Kelvin akanitafsiria akiwa ameziba mdomo kwa kanga:

"Anauliza ukuta uko wapi, akusaidie kuziba."