Masasisho ya lazima: tundu lizibwe, lakini kwa saa ya nani?

Kuna steshenari moja hapa Moshi, si mbali na soko la Mbuyuni, yenye kompyuta moja, printa moja na mashine ya kopi. Ijumaa moja asubuhi nilikuta watu sita wamejipanga mezani. Mbele yangu alikuwa binti mwenye flashi mkononi. Alitaka kupakia cheti kwenye maombi ya kazi, na dirisha la maombi lilikuwa linafungwa siku hiyohiyo. Kompyuta ilikuwa inawaka, lakini kioo kilikuwa cha bluu tupu, na maandishi meupe katikati: usizime, kazi imefika asilimia 27.

"Mangi, bado?" binti alimuuliza mwenye duka.

"Bado, dada yangu. Imeanza yenyewe, sijaigusa."

Tulisimama pale dakika kama ishirini, kisha umeme ukakatika. Uliporudi, kompyuta ikaanza kazi nyingine ya kurudisha kila kitu kilivyokuwa mwanzo. Binti alichomoa flashi yake, akatoka mbio kutafuta duka jingine. Jioni Mangi alimwita fundi, akamlipa, na masasisho, zile apdeti ambazo kompyuta hujipakulia na kujiwekea yenyewe, yakazimwa kabisa.

Nilimwelewa kabisa, na bado naamini alikosea. Ndiyo maana jambo hili nataka tulipime pande zote mbili, maana mafundi wetu wengi wanauza huduma hiyo ya "kuua apdeti", na wateja wanaoitaka ni wengi.

Tuanze na upande usiopendwa. Programu endeshi ina mamilioni ya mistari ya maelekezo, na makosa hayakosi humo. Mengine ni matundu ambayo mtu aliye mbali anaweza kuyatumia kuingia kwenye kompyuta yako bila wewe kujua. Microsoft, watengenezaji wa programu endeshi ya Windows, hutoa viraka, yaani masasisho ya kuziba matundu hayo, kila Jumanne ya pili ya mwezi, utaratibu walioanza mwaka 2003. Wengi hatufikirii kwamba siku kiraka kinapotoka, wezi nao wanakipakua. Wanalinganisha programu ya jana na ya leo, wanaona palipobadilishwa, na hapo wamejua tundu lilikuwa wapi. Kuanzia siku hiyo, ambaye hajaziba yuko hatarini zaidi kuliko alivyokuwa kabla kiraka hakijatoka.

Mfano upo. Machi 14, 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha tundu moja la namna hiyo. Mei 12, karibu miezi miwili baadaye, kirusi kilichoitwa WannaCry kilipita kwenye tundu lilelile. Kilifunga mafaili na kudai malipo kwenye kompyuta zaidi ya 200,000, katika nchi zipatazo 150. Nchini Uingereza hospitali za umma zilirudisha wagonjwa nyumbani. Kiraka kilikuwa kimeshatoka, lakini kompyuta nyingi zilizokumbwa zilikuwa hazijakiwekewa.

Sasa liangalie hilo ukiwa kwenye meza ya Mangi. Kutwa nzima flashi za watu zinachomekwa kwenye kompyuta ileile moja: vyeti, picha za kitambulisho cha NIDA, namba za TIN, nywila za wanafunzi wanaoomba mkopo. Kompyuta ile ni yake kwa risiti, lakini ikiingiliwa, wanaoumia ni mtaa mzima. Kwa hiyo ninaposikia mtu akisema "kompyuta ni yangu, niachieni", kwa mwenye steshenari hoja hiyo hainitoshi. Wanaotengeneza programu walishaona kwamba mtumiaji akiachiwa uamuzi, ataahirisha leo, kesho na keshokutwa. Windows 10 ilipotoka Julai 2015, toleo la nyumbani halikuwa na kitufe cha kawaida cha kukataa. Walifanya hivyo kwa sababu ya msingi.

Lakini upande wa pili nao una uzito, na hautokani na uvivu wa watu.

Kwanza, kiraka chenyewe kinaweza kuharibu. Oktoba 2018 Microsoft ililazimika kusimamisha sasisho kubwa la Windows 10 siku chache tu baada ya kulitoa, kwa sababu kwenye kompyuta za baadhi ya watu lilifuta nyaraka zao. Na Julai 19, 2024 kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike ilisambaza faili moja lenye kosa. Lilikaa hewani kwa dakika 78 tu kabla ya kuondolewa, lakini kompyuta zipatazo milioni 8.5 zilizima na kugoma kuwaka, ndege zikabaki chini, na nyingi ya kompyuta hizo zikahitaji mtu kwenda kuzitengeneza moja baada ya nyingine kwa mkono. Kuna wateja waliokuwa wameshachagua kubaki toleo moja nyuma, wakisubiri wengine walijaribu kwanza. Chaguo lao halikuwasaidia, kwa sababu faili lile lilipita njia nyingine isiyofuata chaguo hilo. Baada ya ajali ndipo kampuni ikawapa uwezo wa kuamua lini wapokee mafaili ya aina ile. Kwangu hapo ndipo penye uzito: tahadhari ya mwenye mashine ilikuwa sahihi, na haikuheshimiwa.

Pili, chini ya jina moja la "sasisho" huchanganywa vitu viwili visivyofanana. Kuziba tundu ni kitu kimoja. Kubadilisha sura ya programu, kuhamisha vitufe, au kumsukuma mtu kwenye toleo jipya kabisa ni kitu kingine. Mwaka 2016 wakala mmoja wa safari huko Kalifonia, Marekani, aliishtaki Microsoft akisema kompyuta yake ya kazini ilianza kujibadilisha kwenda Windows 10 bila ridhaa yake, ikashindwa, ikawa haifanyi kazi kwa siku kadhaa. Microsoft ilikataa kwamba ilikosea, lakini iliachana na rufaa na kulipa dola 10,000. Wenye ofisi za utalii kule Arusha watalielewa hilo haraka. Mgeni wa Ulaya anaomba bei ya siku saba za Serengeti na Ngorongoro asubuhi, usipomjibu mapema, jioni ameshalipa kampuni nyingine.

Ila sababu kubwa kuliko zote, na ambayo huisikii ikitajwa, ni saa. Viraka vya Jumanne hutolewa saa nne asubuhi kwa saa za Redmond, yalipo makao makuu ya Microsoft. Kwetu ni saa mbili au saa tatu usiku, kulingana na majira yao. Utaratibu mzima umejengwa kwa kudhani kwamba usiku kompyuta inabaki imechomekwa kwenye umeme na kwenye intaneti, inajipakulia na kujiwasha upya wakati mwenyewe amelala. Mangi akifunga duka anazima swichi kuu ukutani. Anaogopa umeme unaorudi kwa nguvu na kuunguza vifaa, na uniti za LUKU anazihesabu. Kwa hiyo kazi iliyopangiwa usiku inamsubiri mlangoni. Asubuhi akiwasha, inaanza, na wateja wameshajipanga. Ipo sehemu ya kuiambia Windows saa zako za kazi ili isijiwashe upya katikati yake, na unaweza kupanga muda usiozidi saa 18 kwa siku. Lakini kwa mashine ambayo usiku haina umeme, saa zinazobaki ni saa ambazo haiwaki.

Halafu bando. Duka dogo halina intaneti ya mwezi mzima, mwenyewe anawasha hotspoti ya simu. Kompyuta inaona Wi-Fi tu, haijui kwamba kila MB imenunuliwa. Sasisho kubwa lenye GB kadhaa linaweza kumaliza kifurushi cha wiki kabla ya saa sita mchana. Kuna kitufe kwenye mipangilio ya Wi-Fi cha kuiambia kompyuta kwamba intaneti hii inalipiwa kwa kipimo, na ukikiwasha, mizigo mingi mikubwa inasubiri. Kitufe hicho kimejificha kurasa kadhaa ndani, na mara nyingi unakikuta kimezimwa. Kingeweza kuwa swali la kwanza kompyuta inapokutana na hotspoti ya simu.

Nikipima yote haya, viraka vya usalama naviunga mkono viwe vya lazima. Lakini viwe vidogo, vije peke yake, na siku na saa aichague mwenye mashine ndani ya muda unaojulikana. Mabadiliko mengine yote yasubiri idhini. Microsoft yenyewe imeshasogea: mwaka 2019 iliruhusu hata toleo la nyumbani kuahirisha masasisho hadi siku 35. Hatua hiyo naiona ni nzuri, ila fundi aliyekuja kwa Mangi hakuitumia. Alifunga mlango wote, kwa sababu ndicho alichoombwa na ndicho anachojua.

Wiki mbili baadaye nilirudi kwa Mangi, nikakaa naye baada ya kufunga. Tulirudisha masasisho, tukawasha kile kitufe cha kipimo, kisha tukaahirisha kwa wiki nne. Tulikubaliana kwamba Jumapili moja kila mwezi, baada ya ibada, atafungua duka bila kupokea wateja, ataondoa kizuizi, na kuiacha kompyuta ifanye kazi yake hadi jioni. Aliniuliza kitu kimoja tu: siku hiyo bando la kupakulia makosa ya watu wengine analipa nani? Analipa yeye.