Marumaru tuwaachie wafalme

Anayeniambia kwa sanamu marumaru ni bora kuliko udongo, tutabishana mpaka kuche. Ushahidi wangu ni watoto wawili, Louise na Alexandre Brongniart, aliowafinyanga mchongaji Mfaransa Jean-Antoine Houdon mwaka 1777. Binti alikuwa na miaka mitano, kaka yake saba. Sanamu zao za udongo wa kuchoma, kichwa na mabega tu, ziko makumbusho ya Louvre, Paris. Zipo na za marumaru, jijini Washington, Marekani. Tafuta picha uzilinganishe: za marumaru ni safi, zimetakata, na baridi kama maiti. Za udongo zina rangi ya mwili uliotoka kucheza juani.

Enzi hizo Ufaransa ilikuwa imeshikwa na homa ya Wagiriki na Warumi wa kale, na Houdon mwenyewe alikaa Roma miaka minne, 1764 hadi 1768. Wengi waliowaiga wa kale waliacha jicho tupu kama yai la kuchemsha. Houdon alilichimba. Alitoboa shimo la mboni, akaacha kipande kidogo kikining'inia ukingoni. Mwanga ukikigusa, mtoto anakutazama. Ni hila ndogo tu, lakini ndiyo iliyonifunga.

Halafu udongo uwahi ungali maji, na watoto hawatulii. Kwa nyundo na patasi utamkimbiza mtoto gani?

Nakiri, karakana yake pia ilikandamiza udongo kwenye kalibu ili kutoa nakala za kuuza, kwa hiyo si kila alama ya kidole ni ya bwana mkubwa.

Mwaka 1785 alivuka Atlantiki kwenda kumfinyanga George Washington, jenerali aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Marekani, nyumbani kwake, Mount Vernon. Kila mtu husifu sanamu ya marumaru iliyotokana na safari ile, ya mwili mzima, iliyoko Richmond, Virginia. Mimi nipeni kile kichwa cha udongo kilichobaki Mount Vernon, mabega wazi, bila koti wala upanga. Pale namwona mkulima mwenye shamba lake, jenerali simwoni.

Na yule Alexandre? Alikua akawa mtaalamu wa miamba na madini, na mwaka 1800 akakabidhiwa kiwanda cha vyombo vya kauri cha Sèvres. Alikiongoza mpaka alipofariki mwaka 1847, maisha yote akishughulika na udongo na tanuri.