Siku Shangazi Alipogeuka Afisa Uhamiaji

Shangazi yangu anauza vitenge Makoroboi, Mwanza. Alipoona wenzake wananenepa kwa kufuata mzigo Guangzhou, naye akakata pasipoti, kisha akaniita mimi, "msomi wa ukoo", nimtafutie kitabu cha maongezi ya Kichina. Mimi nimesomea mambo ya maji. Lakini kwa shangazi msomi ni msomi, kama fundi redio anayeletewa na jiko.

Muuza vitabu vya mtumba alikuwa navyo vitatu. Cha kwanza kizee, Beijing bado anaiita Peking. Nikakirudisha chini. Cha pili kilikuwa kitabu hasa: herufi za Kichina zilizorahisishwa, zile za China bara, na chini yake pinyin, yaani Kichina kwa herufi za Kilatini kama kilivyopitishwa kule mwaka 1958, na vialama vya toni nne juu ya irabu. Ulimi ukigoma, unanyoosha kidole kwenye herufi, mwenye duka anasoma mwenyewe. Nikamwambia shangazi, ndicho hiki.

"Hiki kina Kiingereza," akasema. "Nijifunze lugha mbili kwa safari moja?"

Cha tatu kilikuwa na Kiswahili kushoto, Kichina kulia, pinyin hakuna. Akakikumbatia. Elfu tano. Nilipokipekua nikaona kimetungiwa Wachina wanaokuja kufanya kazi huku. Huenda kiliachwa na fundi wa reli ya Mwanza–Isaka. "Leteni saruji." "Mbona umechelewa?" "Usilale kazini." Sura ya askari wa barabarani ilikuwa ndefu kuliko zote. Aliyeiandika lazima aliteseka.

"Shangazi, hiki ni cha kuja, si cha kwenda."

"Barabara ya kwenda ndiyo ya kurudi."

Akataka kukijaribu siku hiyohiyo. Tukaenda Mwaloni, Kirumba, kwa Mchina mmoja anayenunua mabondo, vile vibofu vya hewa vya sangara. Kwao hicho ni chakula cha wenye nazo. Shangazi alikuwa kavaa suti ya kitenge, mkoba kwapani, miwani puani. Salamu hakutoa, maana kitabuni hakuiona. Alitaka kumwambia kwamba ana pasipoti na anasafiri, basi akatafuta palipoandikwa pasipoti, akamsogezea yule bwana kitabu, kidole chini ya mstari: "Naomba pasipoti na kibali cha kazi."

Bwana akasimama. Droo ikafunguliwa: pasipoti, kibali, leseni ya biashara, risiti za kodi, hadi kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Shangazi alidhani anaoneshwa nyaraka za kubeba safarini. Akazipitia moja moja, polepole, huku akiguna. Wauza dagaa wakasogea kuangalia. Vijana wawili waliokuwa wakipima mabondo wakatoweka; wao walikuwa na kesi gani, hadi leo sijajua.

"Lakini mama," Mchina akasema kwa Kiswahili cha Kirumba kabisa, "Uhamiaji si mlikuja juzi tu?"

Ikabidi nieleze. Alicheka mpaka akakalia gunia. Alipopata pumzi akamweka shangazi kitako: Guangzhou utasikia na Kikanton, lugha ya wenyeji, lakini Kimandarini, Kichina rasmi, wenye maduka wanakijua, shika namba kwanza, bei wataiandika kwenye kikokotoo, nawe andika ya kwako, msukumane hapohapo. Na kitabu cha maana ni kile chenye herufi na pinyin pamoja. Nikamtazama shangazi. Shangazi akatazama ziwa.

Kisha yule bwana akakipekua tena kitabu chetu, akakipenda. Ana mpwa wake kaingia majuzi, hata "shikamoo" hajui. Akatoa elfu kumi. Shangazi akasema ishirini, na hapo hakuhitaji ukurasa wowote. Wakaangukia kumi na tano, zikaingia kifuani.

Daladala haijafika hata Mlango Mmoja, akanigusa bega.

"Mwulize yule muuza vitabu kama anavyo vingine vya saruji."