Hesabu za ufundi zianzie karakana au ubaoni?

Tangu mkondo wa amali, yaani wa masomo ya kazi na ufundi, uanze kuingia sekondari zetu hapa Tanzania kuna ubishi nausikia sana kwa walimu na wazazi, kwamba mwanafunzi wa ujenzi, uchoraji au umeme afundishwe hesabu huku ameshika mbao na waya, au kwanza akae darasani amalize kanuni zote ndo aguse msumeno. Mimi niko upande wa karakana, ila siyo kwa asilimia mia.

Chukua fundi anayetoa msingi. Anapima 3 upande huu, 4 upande ule, akikuta ile ya kukatiza inasoma 5 anajua kona iko skwea, yaani nyuzi 90. Hiyo ni kanuni ya Pythagoras nzima nzima, mtoto wa kidato cha pili ameikariri ubaoni na hajui ni ya nini, sasa mpe kamba na vigingi vinne vya kuchimbia aone kona inavyokubali, hataisahau. Au mbao ya 2 kwa 4, ilaze halafu ikalie katikati, inapinda, isimamishe, inapinda mara nne pungufu. Kila fundi anajua mbao ya kenchi, ile inayobeba paa, inasimamishwa hailazwi, ila hiyo "mara nne" inatoka kwenye hesabu, kimo kinapigwa kwa kimo kwa kimo, upana unahesabiwa mara moja tu. Mtoto akishaona hivyo kwa macho yake ndo anauliza mwenyewe kwa nini, na hapo mwalimu ana kazi rahisi.

Lakini wanaopinga wana hoja nzito na mimi naiheshimu. Wanasema karakana inageuza hesabu kuwa resipe. Kweli kabisa, ukimfundisha 3-4-5 tu na ukaishia hapo, siku akipewa chumba cha mita 3.6 kwa 5.2 anakwama, wakati kona kwa kona ni mita 6.32 hivi, dakika moja tu kwa anayejua kutafuta kipeuo cha pili. Na kuna kitu kibaya zaidi, ukipima kona kwa pembetatu ndogo ukakosea sentimita 1 kwenye mita 4, ukuta ukifika mita 12 uko nje sentimita 3, ndo maana ni bora pembetatu kubwa ya 6-8-10, ila huwezi kulijua hilo kama hujafundishwa pembetatu zinazofanana.

Wengine wanasema mbona mafundi wa mtaani hawakusoma hayo na nyumba zimesimama. Zimesimama ndiyo, ila yule alijifunza kwa miaka mingi na mbao nyingi zilizoharibika kwa hela ya mtu mwingine, mwanafunzi hana muda huo.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kitu kingine kabisa. Hisabati ndo somo linaloangusha watoto wengi kidato cha nne, 2023 waliofaulu walikuwa kama robo tu, na sasa kuna wazazi wanaona amali ni pa kumkimbizia mtoto asiyeweza hesabu. Hapana jamani! Anayefunga umeme anahitaji kujua waya wa unene gani utabeba mzigo gani, akikosea unapata moto na nyumba inaungua na watu ndani. Mtoto wa amali anahitaji hesabu kuliko hata yule wa historia.

Kwa hiyo kwangu karakana iwe mlango, lakini kila kazi irudi ubaoni wiki hiyohiyo, kenchi iliyopimwa Jumatatu ichorwe na kukokotolewa Jumatano kwa vipimo vingine ambavyo hawajawahi kuvishika. Hilo linataka mwalimu wa hesabu na mwalimu wa ufundi wapange vipindi pamoja, na linataka vifaa, maana tepu mbili kwa watoto hamsini ni kuangalia wenzako wakipima. Na kwenye mtihani wa vitendo ziwepo alama za kueleza kwa nini umepima hivyo, siyo kwa kona iliyokaa skwea peke yake.