Nani Atamwambia Mama Mkwe Arudishe Betri?

Ni Mei 2020, wakati wa corona, na betri za rimoti zimehamia kwenye tochi ya mama mkwe. Nimezitafuta tangu asubuhi, chini ya kochi, nyuma ya king'amuzi, hadi ndani ya begi la shule la Zuhura ambalo tangu Machi halijafunguliwa na binadamu. Mwishowe mtoto wa mwisho, ambaye hajui kutunza siri, kasema, "Bibi kachukua. Tochi yake ilikuwa inazimika wakati wa daku."

Sasa nani atamfuata mama mkwe amwambie, mama, naomba betri zangu? Nilimgeukia mke wangu. Alikuwa anachambua mchele, hata kichwa hakuinua. "Si mama yako? Kamwambie."

Jamani, mimi ni mtu mzima. Nina familia, nina kitambi cha heshima na nina viti vya plastiki mia tatu. Navitaja viti kwa sababu ndiyo kazi yangu: viti, maturubai, spika na jenereta moja linalowaka likipenda. Harusi ya Ipagala, kipaimara cha Area C, arobaini ya Chang'ombe, wote walikuwa wanabisha hodi kwangu hapa Nkuhungu, Dodoma. Halafu Machi 17 Waziri Mkuu Majaliwa akatangaza mikusanyiko isimame, na viti vyote vikarudi nyumbani kwa mpigo. Hata vile vilivyopotea kwenye msiba mmoja mwaka juzi vimerudi. Sijauliza vilikuwa wapi. Vimejaa stoo, vimejaa chumba cha watoto, vimejaa korido. Usiku ukitaka kwenda chooni unapita kiubavu.

Wanangu wamevipanga vya korido wakaanzisha daladala, ruti ya Nkuhungu–Majengo. Zuhura dereva, wa kati konda, wa mwisho abiria pamoja na midoli yake yote. Juzi nimetoka bafuni na taulo, nataka kupita kwenda chumbani, konda kaweka mkono. "Baba, levo siti. Subiri inayokuja." Nyumbani kwangu. Kwenye viti vyangu. Nikasubiri.

Watu wanasema sisi Watanzania tuna bahati, hatujafungiwa. Kenya wana kafyu tangu Machi, Rwanda waliambiwa wasitoke ndani, sisi mtu anatoka akitaka. Sikatai. Ila nauliza, atoke aende wapi? Harusi hakuna. Shule zimefungwa. Mpira umesimama. Kijiweni ukikohoa tu wote wanakumbuka kwamba wana kazi za kufanya nyumbani. Kwa hiyo hatukufungiwa, tumejikuta tu tuko wote sebuleni.

Masomo kwenye televisheni yapo, nashukuru. Kipindi kikianza watoto wote wanaumwa tumbo, zikianza katuni wanapona. Zuhura kaniletea hesabu za sehemu, nikamwambia siku hizi mtaala umebadilika. Nyungu tunapiga, tunajifukiza kwa majani, na blanketi letu zuri sasa linanuka mkaratusi hata ukilala peke yako.

Lakini yote hayo nayaweza. Nisiyoyaweza ni ya sebuleni.

Mama mkwe alikuja mwanzoni mwa Machi kutoka Kondoa, kumwona mwanaye kwa siku chache tu, na jogoo wawili na dumu la mafuta ya alizeti. Corona ikamkuta hapa. Akasema hawezi kupanda basi lenye watu wanaokohoa. Hoja nzuri, sikuipinga. Ila mabasi ya Kondoa yanatembea kila siku, nayaona, mengine nusu tupu, na lami ipo tangu 2018, saa mbili na ushee mtu yuko kwake. Nilijaribu kuligusia hilo mezani kwa mbali sana, nikaisifia tu barabara. Mama Zuhura akanikanyaga mguu.

Si mtu mbaya. Tatizo ni heshima. Wazee wangu kule Bahi wakimwona mkwe anakuja walikuwa wanakata kona wanaingia porini mpaka apite. Mimi porini nitaingilia wapi? Nina korido, nayo ina daladala. Sebule ni moja, televisheni ni moja, na mbele ya televisheni ametandika mkeka wake, kanyoosha miguu, tasbihi mkononi, anaangalia tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili. Jumamosi wanarudia vipindi vya wiki nzima mfululizo, mpaka karibu na futari.

Sasa nielewe vizuri, maana hapa ndipo penye kesi. Mimi ni Simba. Ligi imesimama huku tunaongoza, lakini mechi ya mwisho ya watani ilikuwa Machi 8, na Morrison wa Yanga akatupiga ule mpira wa adhabu, Yanga moja, sisi bila. Kwa kawaida machungu ya namna hiyo hayakai. Mnacheza na wengine, mnashinda, watu wanasahau. Sasa hakuna wengine. Jirani yangu wa Yanga ana goli lile moja tu na bado analitumia, kila asubuhi, juu ya ukuta, kabla hata sijapiga mswaki. Vijana wa mikeka ya kubeti walihamia Belarusi, ambako ligi haikusimama, wanabishana kuhusu timu za BATE na Slutsk kwa uchungu wa mtu aliyezaliwa kata hiyo. Mimi nilikataa kushuka hadi huko.

Ndipo nikasikia Jumamosi, Mei 16, Wajerumani wanarudi uwanjani, Dortmund na Schalke, saa kumi na nusu kwa saa zetu. Nililipia kifurushi. Nilinyoa. Saa kumi na robo nikaingia sebuleni, nikasalimia, "Shikamoo mama," ingawa asubuhi nilishamsalimia, nikashika rimoti. Nyepesi. Nikaifungua nyuma. Tupu.

King'amuzi kina vitufe kwa mbele, sawa. Lakini kiko chini ya televisheni, usawa wa miguu ya mama. Kukifikia inabidi upite mbele yake, uchuchumae, umpe mgongo. Mkwe humpi mgongo. Kwa hiyo unakwenda kiubavu umeinama, uso kwake, mkono unapapasa kitufe nyuma, na kinywani unasema samahani mama, samahani mama.

Nilipoanza safari hiyo kwenye runinga kulikuwa na kijana wa Kituruki mwenye ndevu za kuchonga, amekaa kwenye kochi.

"Mwanaume gani huyu," mama akasema, macho kwenye kioo. "Mchana kutwa yuko ndani. Mke ndiye anahangaika."

"Mama, huyo ni tajiri. Baba yake ana kampuni."

"Tajiri." Akavuta punje moja ya tasbihi. "Mimi simsemi mtu."

Nikarudi kwenye kochi. Kochi likanikataa. Nikahamia kwenye kiti cha plastiki.

Saa kumi na nusu ikafika. Nikasema, kwa sauti ya mtu anayelijali taifa, "Mama, naomba tuangalie kidogo habari za corona." Akakubali, kwa corona hana ubishi. Nikaenda kiubavu, nikabonyeza. Wakatokea watu ishirini na wawili kwenye nyasi.

"Hii ndiyo corona?"

"Ndiyo mama. Unaona uwanja hauna watu."

Akautazama uwanja. Kweli mtupu, majukwaa makubwa yale hayana hata muuza karanga, mpira ukipigwa unausikia pu. "Wamefiwa?"

"Hapana mama. Ni tahadhari."

"Na hao waliokaa mmoja mmoja na barakoa?"

"Wachezaji wa akiba."

"Wamekatazwa kukaribiana."

"Ndiyo mama."

"Halafu wakiingia hapo kati wanakwenda kukumbatiana na wale wengine wakigombania mpira."

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina. Nadhani hata Ujerumani kwenyewe hawana.

"Rudisha, baba Zuhura," akasema. "Yule binti alikuwa ameshika kikombe chenye sumu."

Nikarudisha. Binti alikuwa amekishika kweli. Alikishika katika muziki wa huzuni, alikishika akimkumbuka mama yake, alikishika mvua ikinyesha. Nikiwa nachungulia kikombe hicho, ng'ambo ya ukuta jirani akapiga kelele, "Gooo!" Dakika ya 29, Haaland. Mimi niko Istanbul.

Yakaja matangazo ya biashara. Kiubavu, samahani mama, bonyeza. Nikakuta marudio: Haaland anacheza kwenye kona, wenzake wamesimama mbali wanachezea hukohuko walipo. Matangazo yakaisha. Kiubavu, bonyeza. Kelele nyingine ukutani. Guerreiro. Kifupi ni kwamba mechi ile niliifuatilia kwa masikio ya shabiki wa Yanga, tena aliyekuwa ananihurumia, maana alianza kunipa na majina ya wafungaji.

Kipindi cha pili magoti yakagoma. Nilikuwa nimechuchumaa pale, matokeo matatu bila, nataka kurudisha tamthilia, nikasikia nyuma yangu:

"Acha hapo kwanza. Hawa wanaofungwa ni watu wa wapi?"

"Schalke, mama. Ni jirani na hao wanaowafunga."

"Majirani! Na wanafanyiwa hivi?" Akasogeza mkeka. "Hawana mtu wa kuwaombea hao."

Akainua mikono. Mama mtu mzima wa Kondoa, Ramadhani, swaumu kinywani, anaiombea dua Schalke. Tukaitikia amina, mimi na watoto, hata abiria waliteremka kwenye daladala wakaja kuitikia. Guerreiro akafunga la nne.

Na hapohapo umeme ukakatika. Nikatoka nje kuangalia, kwa jirani taa inawaka. LUKU yetu imekwisha. Katuni za wiki nzima ndizo zimekunywa uniti zote, na ukiuliza nani aliangalia, hakuna aliyeangalia. Sebule nzima ikanigeukia mimi. "Sasa yule binti," mama akauliza, "kakinywa au hakukinywa?"

Tukafuturu kwa mwanga wa tochi yake. Nakumbuka niliisifia, nikasema mama tochi yako leo inawaka vizuri. Akasema alhamdulillahi. Uji, tende, magimbi. Papai hakuna. Mei 3 Rais Magufuli alieleza kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara zikarudi na majibu ya corona. Rais alikuwa analalamikia vipimo, ila mama yeye alichosikia ni papai. Tangu siku hiyo haliingii mlangoni kwangu, na mbuzi wa jirani akipita tunaambiwa tuzibe pua.

Nacheka, lakini ndugu zangu, nimechoka. Viti mia tatu havijaingiza shilingi. Bwana harusi wa Aprili anataka arudishiwe kianzio na kianzio tulishakila, tena naye alikunywa soda yake hapahapa siku anakileta. Mwenye nyumba hajasikia kama kuna corona; tangu serikali ihamie Dodoma yeye anasikia neno kodi tu. Upepo wa Mei nao umeanza, vumbi linapita chini ya mlango, dishi linageuka lenyewe linatazama Singida. Mtu unakaa ndani siku nzima hujafanya kitu na jioni mgongo unauma.

Leo baada ya kukosa betri nikaenda dukani ninunue nyingine, niyamalize kiume. Mlangoni ndoo ipo, koki ipo, sabuni ipo imefungwa kamba isiibiwe. Maji hakuna. Muuzaji kaniambia huingii bila kunawa. Nikamwambia maji hakuna. Akasema anajua, lakini utaratibu ndiyo huo. Nikasugua mikono mikavu pale mbele yake, akaridhika, akaniambia betri zimekwisha. Ana tangawizi na malimao, na bei yake inabidi ukae kwanza.

Na hii barakoa nayo. Fundi cherehani wa mtaani alinishonea kwa vipande vilivyobaki, nikashukuru, kitambaa kizuri, maua ya njano makubwa. Nimeivaa mpaka sokoni Majengo, nimeivaa kwenye daladala, watu wananiangalia, nikadhani ni heshima. Kumbe vipande vilibaki kwenye gauni la mama mmoja mjane wa mtaa wa pili. Leo narudi kutoka dukani nimekutana naye njia panda, yeye na gauni, mimi na barakoa, maua yaleyale, na mama mkwe amesimama getini anatupa maji ya uji. Alitutazama wote wawili kwa zamu. Hakusema kitu, aliingia ndani, na tangu saa hiyo anaongea na mwanaye jikoni kwa Kirangi, lugha ambayo miaka yote hii sikujifunza zaidi ya kusalimia.

Fundi, nakuomba, nishonee nyingine. Ya rangi moja. Hata nyeusi.